Yai Kubwa Kuliko Kitanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali hii pamoja na madaktari wako, Muuguzi Mkuu wa wadi ya koo na wauguzi wote mlioiba dakika za zamu ili muwe nasi, viongozi wa dini mliotufungulia shughuli kwa dua, wafanyakazi wa kiwanda cha mikate mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, na unga bado uko viatuni, mama yetu mzazi, wifi yangu, wagonjwa mliosukumwa hadi hapa kwa viti vya magurudumu, na nyinyi mnaotusikia mkiwa vitandani kupitia milango iliyoachwa wazi, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Kama kuna mtu cheo chake nimekiruka, anisamehe. Leo akili yangu haiko kwenye vyeo.

Nimeombwa niseme maneno machache. Kijana wa ofisi ya utawala aliniambia, kwa adabu sana, "Mwalimu, iwe fupi na iwachangamshe watu." Nimefundisha watoto wa watu kuandika insha mpaka nikastaafu, kwa hiyo kufuata maelekezo si jambo geni kwangu, lakini hili la kuchangamsha limenishinda. Picha tunazozizindua leo, zilizoko nyuma ya pazia lile, zitawachangamsha zenyewe. Ni za vyakula, ni kubwa, rangi zake zinapiga kelele, na najua mkishaingia mtacheka. Chekeni. Zilichorwa ili mtu acheke. Mimi kazi yangu ni kuwaambia mtu huyo alikuwa nani.

Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa mwoka mikate, na kiwandani walimwita Tanuri, kwa sababu hata siku za baridi, wenzake wakiwa wamejikunyata, yeye alikuwa anajifuta jasho. Alipenda kula kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alikuwa na tabia ambayo mama aliipiga vita tangu utotoni bila mafanikio, ya kuonja kwenye sahani ya jirani kabla hajagusa ya kwake. Ukimkemea anakwambia, "Nahakikisha tu kama umepikiwa sawa." Tuliolelewa naye meza moja tulijifunza kula kwa mkono mmoja na kulinda sahani kwa mwingine.

Mkewe, wifi yangu huyu aliyejificha safu ya nyuma kana kwamba shughuli si yake, ni mchoraji wa mabango. Vinyozi, maduka ya viatu, gereji, wote wamepita mikononi mwake. Walikutana siku alipoitwa kuchora ukuta wa kiwanda. Alichora mkate. Tanuri akatoka nje na mikono yake ya unga, akautazama, akasema, "Fundi, huo ni mto wa kulalia." Wifi hata hakugeuka. Akamjibu, "Basi kalete wa kwako niuangalie." Akaletewa mkate wa moto. Akaula wote, akajifuta mdomo, akasema, "Sasa nimesahau ulikuwaje. Lete mwingine." Ndugu zangu, uchumba ulianza hivyo, na sisi wa upande wa mume tulipokwenda kujitambulisha kwao, baba yake alituuliza kama binti yake amepungukiwa chakula hapo kwao, maana kila siku anarudi nyumbani ameshiba.

Ugonjwa ulianza kwa kukabwa. Anakula, mara anakohoa, anapigwa mgongoni, anacheka, anasema ni pupa. Baadaye mkate ukawa haupiti mpaka auloweke kwenye chai. Baadaye chai yenyewe ikawa haipiti. Madaktari wa hapa walituambia ukweli bila kuzungukazunguka, na kwa hilo nawashukuru kutoka moyoni: uvimbe ulikuwa umeziba njia ya chakula, na ulikuwa umefika mahali ambapo kisu hakisaidii. Akawekewa mpira tumboni. Wifi akafundishwa kuvuta uji mwepesi kwa bomba la sindano na kuupitisha kwenye mpira ule, taratibu. Siku ya kwanza Tanuri alitazama uji ukiingia, akasema, "Kwa hiyo sasa chakula kinaingia kwangu kwa mlango wa nyuma, hata salamu hakitoi."

Tulicheka. Halafu tukafanya kile ambacho nadhani familia nyingi zilizoketi hapa zimekifanya. Tulianza kula kwa kujificha. Wifi alihamishia jiko kwa jirani ili harufu isimfikie. Mimi nikienda kumtembelea nilikuwa nakula nimesimama nyuma ya ukuta wa bafu, kama mwizi. Hata maganda ya ndizi hayakutupwa kwenye pipa la nyumbani. Tulidhani tunamhurumia. Nani kati yetu angethubutu kutafuna mbele ya mtu ambaye hatatafuna tena?

Siku moja akatoka chumbani, akajikokota hadi sebuleni, akasimama katikati, akavuta hewa puani. Sauti yake ilikuwa imeanza kwisha. Akauliza, "Hii nyumba mbona haina harufu? Nani amekufa?"



Akasema, "Kama ni mimi, niambieni, nijue."

Wifi alikuwa amekaa chini, anapanga makopo yake ya rangi. Tanuri akamgeukia. "Fundi, nichoree yai."

"Yai gani?"

"La kukaanga. Kiini kisipasuke. Na liwe kubwa. Nimechoka na vitu vya kupimiwa kwa bomba."

Kulikuwa na ubao wa plaiwudi uliobaki kwenye kazi ya duka fulani, mkubwa kuliko kitanda alicholalia. Wifi aliusimamisha ukutani, akaupaka zambarau, zambarau ya kung'aa ile ya milango ya saluni. Juu yake akamimina yai. Weupe wake ulitambaa mpaka ukatoka nje ya ubao. Kiini kilikuwa cha njano isiyo na aibu, kimezungushiwa mstari mweusi mnene kama anavyozungushia herufi za mabango, na pembeni ya kiini akaacha kidoa cheupe, kama mwanga wa dirisha. Alipomaliza akasogea pembeni. Mdogo wangu alilitazama muda mrefu, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Tukajua anakabwa. Wifi akakimbilia beseni. Kumbe anacheka. Koo halikuwa linatoa kicheko tena, kwa hiyo kilikuwa kinatokea mabegani. Alipotulia akanong'ona, "Halina chumvi."

Wifi akachukua brashi ndogo, akalinyunyizia chumvi, kila punje ukubwa wa kifungo cha koti.

Baada ya hapo hakukuwa na kuzuia. Akaagiza kitunguu kilichokatwa katikati, na wifi akakichora miduara yake waridi na kijani mpaka ukikitazama kichwa kinazunguka. Akaagiza vikombe vya chai, kikombe kile kile kimerudiwa safu kwa safu, na kila kimoja yeye mwenyewe alichagua rangi kufuatana na alivyoamka siku hiyo. Mtaviona humo ndani, na mtaona safu za chini zilivyoingia kijivu. Akaagiza kopo la samaki. Wifi akawachora samaki wamelala wamebanana, wamefunikwa shuka yenye mistari ya hospitali hii, wote wamefumba macho isipokuwa mmoja. Tanuri akamgusa yule mwenye macho wazi kwa kidole. "Huyu namfahamu," akasema.

Picha zilikuwa zinaanikwa barazani zikauke, na wapita njia wakadhani tumefungua mgahawa. Siku moja akaingia fundi wa magari, mtu tusiyemjua, grisi mpaka viwikoni. Akavuta kiti, akauliza, "Chai na mayai vipo?" Wifi akafungua mdomo amwambie hapa ni nyumbani kwa watu na kuna mgonjwa. Tanuri akapiga makofi mawili kutoka kwenye kochi lake. Akamwonyesha mkewe ishara ya kukaanga.

Ikabidi jiko lirudishwe kutoka kwa jirani. Mafuta yakalia kwenye kikaango, harufu ikajaa nyumba nzima, na mimi niliyekuwepo nawaambia nilitamani ardhi inimeze. Sahani ikawekwa. Mdogo wangu akasogea, akaketi mkabala na mgeni yule, akaegemeza kidevu kwenye viganja, akamtazama anavyokula. Fundi alipopeleka tonge la kwanza mdomoni, taya la Tanuri nalo likawa linasogea. Kidogo kidogo yule mgeni akaanza kuelewa. Akauona mpira uliochungulia chini ya shati. Akautua uma.

Tanuri akamwinamia, akamwambia kwa ile sauti iliyobaki, "Kula, ndugu yangu. Ila kula polepole."

Akala polepole. Na akarudi siku nyingine, na nyingine, mpaka tulipomleta mgonjwa hapa. Yupo katika ukumbi huu. Ameniomba nisimwonyeshe, na sitamwonyesha.

Sasa nafika mahali pagumu. Mama yetu yuko mbele yangu, na haya nayasema kwa ruhusa yake, aliniambia, "Sema yote, usinipake mafuta." Mama alikuja siku ya kawaida kumjulia hali mwanawe, akamkuta amekaa chini ya yai lile anamtazama mtu baki akila. Mama hakupandisha sauti. Alimwambia wifi, "Mwanangu hana njia ya kulia chakula, na wewe unamchorea chakula ukutani, halafu unamletea na walaji. Nimekukosea nini mimi, mama?"

Wifi aliendelea kusafisha brashi.

Tanuri akasema, "Mama, nimeomba mimi."

"Wewe ni mgonjwa. Hujui unachoomba."

"Najua. Naomba chakula."

Mama akachukua mkoba wake akaondoka, na nyumba ile hakuikanyaga tena mdogo wangu akiwa hai. Alikuja hapa hospitali, ndiyo. Alikuwa anakaa upande wa kitanda usiotazamana na picha. Mama, mimi sijasimama hapa kukuhukumu. Ulimnyonyesha wewe. Ungewezaje kuyaona yale usiumie? Na wifi naye, ambaye alimpikia maisha yake yote ya ndoa, angewezaje kumnyima kitu cha mwisho alichoweza kumwandalia? Nimewaza sana, na sijapata jibu linalowatosha wote wawili.

Yai lililetwa hapa wadini juu ya gari la mizigo, likasimamishwa mkabala na kitanda chake. Mnaoijua wadi hii mnajua ilivyo: watu wamelala, wote njia zao zimefungwa, na chakula ndilo neno ambalo hakuna anayelitaja. Yai likawafungua midomo. Waliokuwa na sauti walinong'ona, wasio na sauti waliandika kwenye vipande vya karatasi. Mmoja alisema limeiva mno pembeni. Mwingine akasema mafuta yamekuwa mengi. Mwalimu mwenzangu mmoja, Mungu amrehemu, alidai yai la kukaanga bila nyanya ni uvivu. Lakini yupo aliyeteseka. Mshonaji wa nguo, kitanda cha dirishani, kila akilitazama alijisikia kutapika, na kwa mtu mwenye hali ile kutapika si jambo dogo. Akalalamika, na alikuwa na haki.

Ndipo, Mganga Mkuu, ulipofika. Naomba nikupongeze hadharani, kwa sababu nafasi hii si ya kila siku. Nakupongeza kwa usafi wa sakafu hizi, nakupongeza kwa dawa zinazopatikana kwa wakati, na nakupongeza kwa ukumbi huu mzuri uliouhangaikia. Ulisimama mbele ya yai lile, ukasema, na nakunukuu kwa heshima zote, "Wadi si mgahawa." Ulisema kweli tupu. Mgahawani mtu huulizwa anataka nini.

Amri ilikuwa liondolewe. Muuguzi Mkuu aliitekeleza kwa namna yake: aliligeuza likatazama ukuta, na akalisahau hapo. Mshonaji ndiye aliyemaliza ugomvi. Aliomba shuka kuukuu, sindano na uzi, akakaa kitandani akashona pazia kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa kazi safi, na yai likageuzwa tena likiwa limefunikwa. Makubaliano yao yakawa kwamba yeye akilala, pazia lifunguliwe. Wakawa wanaishi hivyo, mmoja anasubiri mwenzake asinzie ndipo ale kwa macho. Mshonaji alitangulia. Siku aliyofariki, muuguzi alikwenda kulifungua pazia, akidhani sasa hakuna kizuizi. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Lilibaki limefungwa siku ile nzima.

Mkipita humo ndani mtatafuta mkate. Nawaambia mapema, haupo. Wifi alimuuliza mara moja, "Tanuri, mbona mkate huniagizi?" Akageuzia uso ukutani. Baadaye akasema, "Huo usiuguse." Wifi hakuugusa.

Alifariki asubuhi, wifi akiwa kwenye sinki anasuuza bomba la sindano. Alisikia kitanda kimekuwa kimya, akageuka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nimeliona bango lililowekwa pale mlangoni. Limeandikwa "Sanaa Inayoponya". Aliyeliandika ana nia njema. Lakini mbele ya wagonjwa hawa sitalitetea neno lile. Picha hizi hazikumponya mdogo wangu. Hazikumwongezea hata siku moja. Madaktari waliniambia mwili wake ulikuwa unapata kila unachohitaji kupitia mpira, na mimi si daktari, sibishani. Ila siku za mwisho alinishika mkono akaniambia, "Dada, nina njaa," na mimi namwamini yeye mwenye tumbo. Alikufa na njaa. Nililoliona kwa macho yangu ni dogo zaidi ya kupona: kwamba mpaka mwisho alikuwa mtu unayeweza kubishana naye kuhusu chumvi. Hatukuwa tumemzika kabla ya siku yake.

Tangu hapo wifi hajachora chakula. Anaandika herufi tu. Msalani. Mapokezi. Usiegeshe Gari Hapa. Rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Nilipomuuliza kwa nini anaipa hospitali picha zote bure, hata moja asibaki nayo, akaniambia, "Wifi, nimeshindwa kupika zikinitazama." Na mama, ambaye leo amekubali kuja, ameomba kiti chake kielekezwe mlangoni. Nawaomba, tutakapoingia, mtu yeyote asimwambie ageuke.

Nimalizie kwa jambo la jana, kwa sababu lisipoelezwa mtadhani mafundi wa hospitali hawana vipimo. Mtaziona picha zimetundikwa chini sana, nyingine karibu ziguse sakafu. Mhandisi alipinga. Alisema wageni wa heshima watakuwa wanatazama picha kwa magoti. Wifi hakubishana naye. Aliomba machela iletwe katikati ya ukumbi wa picha, akapanda, akalala chali, akalaza kichwa upande wa ukuta, na kwa kila picha akamwambia seremala apandishe, ashushe, ashushe tena kidogo, mpaka yeye, akiwa amelala vile, aseme, "Hapo." Seremala alipopigilia msumari wa mwisho akakusanya vifaa vyake. Wifi alibaki juu ya machela, anatazama. Mhandisi alitaka kuzima taa, akaiacha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, utakapokata utepe na kuingia, utalazimika kuinama. Sote tutainama, wenye tai na wenye vitambi. Nyinyi mtakaoletwa mmelala ndio mtakaoziona sawasawa.

Nawashukuru wauguzi kwa mikono yenu. Nakushukuru, ndugu yangu wa magari. Nakushukuru, mama, kwa kuja. Wifi, kwa niaba ya ukoo wetu wote, nakushukuru kwa kumlisha. Nanyi nyote mliokaa kimya mkanivumilia mpaka neno hili la mwisho, asanteni sana kwa kunisikiliza.